Kipande cha Saba

Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili za huku, mwenzake mbili za kule, mnavuta, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena. Ukijitia kuweza peke yako utaburuza ncha sakafuni, na msimamizi ataitupa tena kwenye mashine huku akikuuliza kama hospitali ni mali ya baba yako. Profesa aliijua kazi hiyo mpaka mikono ilikuwa inaifanya bila kumuuliza. Na siku hizo ilikuwa afadhali, maana hakuwa na nguvu ya kuulizwa chochote.

Profesa ulikuwa utani wa chumba cha kufulia. Walimbandika jina hilo kwa sababu saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwasengenya wasimamizi, yeye alikuwa anajibanza nyuma ya mapipa ya sabuni na kufungua kitabu. Vingekuwa vitabu vya mapenzi, wangemwelewa. Vilikuwa vya watawa na maaskofu waliokufa zamani, watu waliojifungia kwenye vyumba vya baridi wakaandika jinsi mwanadamu anavyomtafuta Mungu. Mwenzake wa shuka, mama wa makamo mwenye mdomo usiojua likizo, alikuwa akimuuliza kila mara ni yupi kati ya marehemu hao ameleta posa.

"Ila siku hizi husomi," yule mama alimwambia Alhamisi moja, wakiwa wameshika pembe. "Unafungua tu. Jicho limekaa palepale."

Profesa akasema amechoka.

"Umechoka na shuka au umechoka na nini?"

Wakakutana katikati na kuachana. Jibu alikuwa nalo, lakini si la kutolewa mbele ya mapipa ya sabuni. Katekista mzee wa parokia alikuwa amestaafu, magoti yamegoma, na paroko alimtaka Profesa alichukue darasa la watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Alimpa mpaka Jumapili, baada ya misa ya kwanza, aseme ndiyo au hapana. Profesa alikuwa ameshaamua kusema hapana. Na ndani ya hapana hiyo ilikuwemo nyingine kubwa zaidi, ambayo hakuna aliyeijua: akishalikataa darasa ataacha kwenda jumuiya, akishaacha jumuiya ataacha misa, taratibu, bila makelele, kama mgeni anayetoka kwenye sherehe bila kuaga.

Hakuanza hivyo. Alibatizwa akiwa mchanga, kama wengi wetu, na dini aliivaa kama sare ya shule, kwa sababu alivishwa. Alipomaliza shule na masomo yakaishia hapo, akajiunga na kozi ya Jumamosi ya walei, waumini wa kawaida, pale parokiani, na kusema kweli alijiunga ili asibaki nyumbani na shangazi yake, aliyekuwa na kazi ya kumpa kila akimwona amekaa. Paroko alikuwa mtu wa kupenda vitabu kuliko chakula. Alimwona binti anauliza maswali yenye meno, akaanza kumwazima kimoja kimoja. Profesa alisoma kama mtu aliyekuwa na njaa siku zote bila kujua kwamba ile ni njaa. Alifurahi. Neno ni hilo, sioni sababu ya kulitafutia jingine. Alikuwa akienda kazini anatabasamu peke yake njiani mpaka watu wakampisha.

Furaha haikai kimya. Akaipeleka kwenye jumuiya yao ya mtaani, nyumba saba zilizokuwa zikikutana kila Jumatano, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kusali na kusomeana Maandiko. Akawaambia kuna kitabu ambacho ndiyo kwanza amekianza, cha mtawa mmoja wa kale aliyekuwa bawabu wa monasteri, kazi yake kufungua na kufunga lango, na kwamba wakikisoma wote watapata cha kuzungumza zaidi ya bei ya vitu. Walikubali. Tatizo likawa moja: kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha paroko, na hakikuwa kinapatikana popote.

Hapo ndipo Mwenyekiti wa jumuiya alipoingia. Alikuwa fundi viatu, mtu mwema, mwenye haraka, na kila mtu hutatua mambo kwa chombo alicho nacho mkononi. Aliondoka na kitabu bila kumwambia mtu, na Jumatano iliyofuata akarudi na vitabu saba. Alikuwa amekikata kwa kisu cha ngozi. Hakuangalia sura inaanzia wapi wala inaishia wapi. Alipima unene kwa kidole, kama anavyopima soli, ili pasiwe na nyumba itakayolalamika kwamba imepunjwa. Kila kipande alikishona kwa uzi wa nta na kukivika jalada la boksi la viatu, na vyote vilinuka gundi. Utaratibu wake ulikuwa kwamba kila nyumba ikae na kipande kimoja, kisha wabadilishane mpaka kila mtu avimalize. Paroko alipoonyeshwa alitafuta kiti akakaa. Baadaye akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba angalau sasa kitasomwa.

Kipande cha saba kilimwangukia mshona nguo mmoja, mwanamke mpole aliyekuwa akishona sare za shule chumbani kwake, nyuma ya maghala. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yupo, kesho hayupo, na kwenye jumuiya hakuna aliyemwona. Kabla ya zamu ya kwanza ya kubadilishana kufika, dereva huyo akaugua, akaletwa nyumbani, akafa.

Jumuiya ikakutana kujadili msiba. Ilipaswa wakutane ili waende, lakini walikutana kujadili. Mwenyekiti akasema kanuni inajulikana: asiyeshiriki na wenzake akiwa hai hawezi kudai wenzake akiwa amekufa, na kwamba wakienda kumsalia rozari huyu, kesho nani atajisumbua kuja Jumatano? Asiyekuwapo na lake halipo, akamaliza, na wengine wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu methali ikishatajwa watu hudhani kesi imekwisha. Profesa alikuwa amekaa pembeni, na mkobani mwake kilikuwamo kipande cha pili, ambamo mtawa yule alieleza kwamba lango la nyumba ya Mungu halikuwekewa tundu la kuchungulia anayebisha. Alikuwa amekisoma asubuhi hiyohiyo. Lakini Mwenyekiti alikuwa wa umri wa baba yake, na yeye ndiye mdogo kuliko wote, na mdomo ukawa mzito. Akanyamaza. Hawakwenda. Paroko alikuwa safarini, na padri wa kuazima akaja, akazika, akaondoka. Siku ya maziko Profesa alikwenda kazini kukunja shuka.

Paroko aliporudi aliwafokea wote mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mwenyekiti akaomba radhi kwa mdomo. Mshona nguo hakuwafungulia mlango tena, na kipande cha saba kikabaki huko. Jumuiya iliendelea kukutana, ila kwa jina tu. Vipande vingine vilizunguka kivivu, kisha vikaacha kuzunguka. Nyumba moja ilikuwa ikitumia chake kuwekea sufuria. Profesa peke yake ndiye aliyevifuatilia mpaka akavisoma vyote sita, na cha sita ndicho kilichobaki mkononi mwake.

Ukame ulimwingia wakati huohuo. Haukuja na hoja, wala hakukutana na mtu mwerevu wa kumwambia hakuna Mungu. Sala tu ziliacha kufika. Alikuwa kama mtu anayeongea kwenye simu iliyokatika, anaendelea kusema haloo, haloo, kwa aibu ya kuishusha. Paroko alimwambia ni majaribu, yatapita, avumilie. Habari ya kunyamaza kwake siku ile hakumwambia, maana aliona kosa lile ni la jumuiya, si lake yeye. Basi akavumilia. Miezi ikapita, majaribu yakakaa.

Kilichomshikiza kilikuwa kile kipande cha sita. Humo mtawa aliandika kuhusu miaka ambayo alifungua lango kila siku bila kusikia kwamba kuna mtu yeyote nyuma yake. Alikuwa anaimba na wenzake huku ndani pakavu. Wageni walimwambia uso wake una amani, naye akaenda kuosha masufuria kwa hasira. Profesa alivisoma visa hivyo mpaka uzi wa nta ukaanza kulegea. Kila mara alifika mahali pamoja, mwisho wa ukurasa wa mwisho, ambapo kisu cha Mwenyekiti kilipita bila kujali: *Asubuhi moja kengele ya lango ikalia kabla ya sala, nikaenda kufungua nikiwa na uchovu wangu uleule, na pale nje nikamkuta*

Hakuna zaidi. Nikamkuta nani? Alimuuliza paroko. Paroko akasema alikisoma ujanani, na kwa kweli anachokikumbuka ni jalada. Hapo Profesa akajiwekea hesabu yake ya siri. Kama mtawa alitoka, na yeye atatoka. Kama hakutoka, basi hakuna haja ya kuendelea kuvaa sare. Lakini kwenda kukitafuta cha saba kulimaanisha kubisha kwenye mlango ule, na hilo aliliogopa kuliko ukame wenyewe.

Jumamosi aliporudi kutoka zamu ya nusu siku alimkuta shangazi anampigia pasi blauzi nyeupe. Shangazi alikuwa ameshaitangazia mitaa miwili kwamba mtoto wa kaka yake sasa ni katekista, na wapika maandazi walikuwa wameanza kumpa pongezi.

Profesa akamwambia atakataa.

Shangazi hakupiga kelele. Alimaliza mkono mmoja wa blauzi, akaigeuza. "Kukataa ni haki yako," akasema. "Ila usikatae kwa uchovu. Mtu aliyechoka hata chakula anakikataa, na bado ana njaa." Kisha akamwambia ale, na akishakula aoshe vyombo, kwa sababu kuchoka hakujafuta zamu ya mtu.

Akala, akaosha. Maneno yale hayakumtoka. Akachukua kipande cha sita, akakitia mkobani, akajikaza, akatoka kwenda nyuma ya maghala kabla moyo haujageuka.

Mlango wa mshona nguo ulikuwa wazi na cherehani inanguruma. Profesa akapiga hodi, sauti ikamkaribisha bila kuuliza nani. Alipoingia, mguu wa mshona nguo ukasimama juu ya kanyagio. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa marundo ya kaptula za wanafunzi zilizokatwa bila kushonwa, chaki, mkasi, vipande vya vitambaa sakafuni. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la kazi la mwanamume.

"Umetumwa?" mwanamke akauliza.

"Sijatumwa, mama."

"Nimeuliza tu. Maana wakituma, huja wawili wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kushuhudia kwamba nimekataa."

Profesa alikuwa amejipangia maneno njiani, mazuri, yenye pole ndani yake. Yote yalimpotea, likamtoka lililokuwa chini kabisa. Akasema amefuata kile kipande cha kitabu.

Mshona nguo akaondoa mguu kwenye kanyagio. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha yoyote. "Mume wangu amelala kaburini tangu mwaka jana," akasema, "na kumbe mnachokikumbuka nyumbani kwangu ni karatasi."

Aibu ilimshika Profesa mpaka masikio yakawa ya moto. Alitaka kugeuka na kukimbia, na labda siku nyingine angekimbia. Lakini hata nguvu ya kukimbia hakuwa nayo. Akabaki amesimama katikati ya kaptula.

"Siku wanajadili nilikuwapo," akasema. "Nilijua cha kusema. Nikanyamaza."

"Najua. Waliosema niliwazoea. Walionyamaza ndio walioniuma."

Mwenye kovu usidhani amepoa. Profesa hakujitetea, hakutaja umri wala Mwenyekiti. Mwanamke akasukuma rundo moja pembeni ili pawe na mahali pa kukaa, akavuta droo ya cherehani, na kutoka kwenye bobini na vifungo akatoa kipande cha saba na jalada lake la boksi la viatu. Akakitupa kwenye meza bila heshima.

"Chukua. Nimekisoma. Wiki ile ya msiba hakukuwa na wa kuja, nikasema basi, nisome. Kitabu gani kinaanza na mwanamke na kuni? Na ukimaliza hizo kuni, yule mtawa anacheka. Anacheka jikoni, anamtania mkuu wake, anaimba akifagia, anacheka mpaka ukurasa wa mwisho. Nikasema huyu hajawahi kufiwa hata na kuku. Anamhubiria nani? Nilitaka kukichoma, ila nilifundishwa kuheshimu vitu vya watu."

Profesa alimwangalia, na taratibu jambo likamfunguka. Mwanamke huyu hakuwahi kupata kipande kingine. Alipewa kicheko peke yake, juu ya kaburi bichi, kwa hisani ya kisu cha viatu. Naye mwenyewe kwa mwaka mzima alikuwa na ukame peke yake. Akafungua mkoba, akaweka cha sita juu ya meza, kando ya cha saba.

"Mama, kabla ya hapo kuna hiki."

Mshona nguo alivaa miwani yake ya kutungia uzi. Alisoma polepole, midomo ikitembea, kidole kikifuata mstari kama anafuata pindo. Nje watu walipita na mikokoteni, mtu alimwita mwenzake, jua likahama kutoka kwenye cherehani likaenda kwenye sakafu. Alipofika kwenye masufuria yaliyooshwa kwa hasira alisimama, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Ilikuwa miaka mingi?" akauliza.

"Mingi. Alianza kijana, mvi zikamkuta humohumo."

"Na wenzake hawakujua."

"Hakumwambia mtu."

Akavua miwani. "Basi kumbe kile kicheko si cha mtu aliyeshiba," akasema, na sauti ikamkatika kidogo. Akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare, kwa nguvu, kama anafuta doa.

Profesa akavisogeza vipande viwili vikagusana, akasoma kwa sauti, kutoka mwisho wa kimoja kuingia mwanzo wa kingine. Kengele ya lango ikalia kabla ya sala, mtawa akaenda kufungua na uchovu wake uleule, na pale nje akamkuta *mwanamke mwenye mzigo wa kuni za kuuza, amekaa chini analia kwa kuchoka. Sikuwa na neno la kumpa. Nikashika upande mmoja wa mzigo.* Basi. Mwanga haukushuka, wala hakusikia sauti yoyote ikimwita. Waliubeba mpaka jikoni, na mtawa akaandika kwamba walipoutua ndipo alipogundua kuwa njiani alikuwa anaimba kwa chinichini, na hakujua alianza saa ngapi.

Kwanza Profesa alivunjika moyo. Mwaka mzima alikuwa amengoja mtu mkubwa pale langoni. Akausoma tena ule mstari, na safari hii ukamchoma pahali pake, kwa sababu hata yeye kengele ilimlilia. Ililia kutoka chumba hikihiki, na alipoisikia alikwenda kukunja shuka. Dawa ya ukame wake alikuwa ameitafuta kwenye vipande vyote sita, na mlango aliouacha bila kufungua ulikuwa nyuma ya maghala. Alilia. Mshona nguo hakumbembeleza wala hakumfukuza. Aliokota kaptula moja na kuanza kuitoa nyuzi zilizozidi.

Alipotulia akaeleza habari ya darasa, na kwamba kesho anatakiwa kumjibu paroko. Mwanamke akasikiliza huku mikono ikifanya kazi.

"Ukiwafundisha watu wazima hao," akasema mwishowe, "usiwaanzishie hapa." Akagonga cha saba. "Watakuona mwongo. Wala usiwaachie hapa." Akagonga cha sita. Kisha akaweka kaptula chini. "Rozari ya mume wangu haikusaliwa."

Profesa akainamisha kichwa.

"Ninyi mlisema hashiriki. Alikuwa akinipigia simu kutoka huko njiani, lori limesimama, anaanza yeye, mimi naitikia huku nashona. Hivyo ndivyo tulivyosali miaka yote ya ndoa. Alipokufa nikajaribu peke yangu. Haisaliki. Unaanza, halafu unajiitikia mwenyewe, unajiona kama kichaa." Akainuka, akatia mkono kwenye mfuko wa koti lililoning'inia, akatoa rozari ya plastiki, imepauka upande mmoja kwa jua la kioo cha lori. Akaiweka mkononi mwa Profesa.

"Mama, mimi sala sina," Profesa akasema. "Miezi mingi sasa. Nikisema ni maneno matupu."

"Sikukuuliza kama unayo. Nimekwambia haikusaliwa."

Profesa akapiga magoti kati ya marundo, na magoti yaliyosimama tangu alfajiri yakalalamika. Akafanya ishara ya msalaba. Akasema Nasadiki, peke yake, kavu, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Akafika kwenye Baba Yetu, akaitaja nusu yake ya kwanza, ile ya kusifu, akanyamaza. Nusu ya pili ni ya mwitikiaji.

Profesa alisikia mikokoteni nje. Alishawishika kuendelea mwenyewe ili wote wawili waokoke na aibu ile, lakini alijua kinachotokea mtu akivuta shuka peke yake. Akashika punje, akangoja. Sauti ya mwanamke ikaja kutoka nyuma ya cherehani, yenye kutu, ikaomba mkate wa leo, ikaendelea kidogo, ikagota. Wote wawili walijua imegota wapi. Nusu ya mwitikiaji ndiyo iliyobeba kusamehe.

"Hapo sifiki," mshona nguo akasema.

Profesa aligeuka, magoti palepale, akamtazama usoni. Palikuwa na maneno mawili mahali pale: kuomba kusamehewa, na kusamehe. La kwanza hakuwa na haki ya kulisubiri kwa mtu mwingine. Akalisema yeye, la kuomba, kwa sauti yake yote, akimtazama mwanamke wala si dari. Halafu akaishia hapo. Lililobaki hakuligusa.

Mwanamke akaweka mkono juu ya gurudumu la cherehani. Akalitazama koti nyuma ya mlango. Kisha akalisema lililobaki, chini sana, na akamalizia sala yote hadi mwisho wake.

"Hiyo ni yako wewe," akaongeza. "Ya Mwenyekiti bado naipima."

Profesa alicheka, na hakujua kicheko kilianza saa ngapi. Moyoni hakusikia kitu kipya, mgongo ulimuuma, na Jumatatu mashuka yangekuwa yanamngoja. Kesho angemwambia paroko ndiyo, na kabla ya hiyo ndiyo angepiga magoti kitubioni na kumwambia kuhusu siku aliyonyamaza. Akashika punje iliyofuata, upande uliopauka, akaanza Salamu Maria. Safari hii hakungoja sana.